Tela la kulala la umbo la tone kwa barabara mbovu: uzito kwanza, chuma baadaye

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mkazi wa Arusha na nina Toyota Prado ya mwaka 1998, ile yenye tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Mimi na mke wangu tunataka kutengeneza tela dogo la kulala lenye umbo la tone la maji, jiko likiwa nyuma, tuwe tunakwenda nalo Ziwa Natron, Eyasi na Mkomazi. Fundi wangu wa kuchomelea anasema chasisi iwe ya chuma cha C (chenye umbo la herufi C kikikatwa) cha inchi 4, na ekseli pamoja na springi zitoke kwenye pikapu ya tani moja, ili tela lisivunjike njiani. Je, ushauri huo ni sahihi, na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hongereni kwa wazo hilo. Fundi wako anakutakia mema, lakini ushauri wake unamfaa mtu anayebeba mchanga kuliko mtu anayebeba godoro. Tela la mizigo huvunjika kwa kuzidiwa, ilhali tela la kulala huvunjika kwa kutikiswa, na hayo ni maradhi mawili yenye dawa tofauti. Ukiongeza chuma kutibu la pili, unaongeza uzito, na uzito huohuo ndio unaozidisha nguvu ya kila mtikisiko.

Fikiria barabara ya vumbi yenye yale mawimbi madogo yaliyojipanga kama bati la migongo. Tuseme wimbi moja hadi jingine ni sentimita 75. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gurudumu linapanda na kushuka karibu mara 15 kila sekunde, na kila kilomita inatoa mitikisiko zaidi ya 1,300. Ukisafiri kilomita 50 tu za namna hiyo, chasisi yako imepigwa zaidi ya mara 65,000, na bado hujarudi nyumbani. Chuma nacho huchoka: kinaweza kustahimili pigo moja kubwa la shimo bila kupinda, kisha kikapasuka kwa mapigo madogo yasiyo na idadi, na ufa karibu kila mara huanzia pembeni mwa mshono wa kuchomelea.

Jambo hili nililijua kwa macho. Tela langu la kwanza lilikuwa na mkono wa kuvutia mnene kuliko chuma anachokitaka fundi wako. Nilisimama karibu na Engaruka ili kukaza kamba za mzigo, nikaona mstari wa kutu mwembamba kama unywele ukitoka kwenye kona ya mshono, pale mkono unapokutana na boriti ya mbele ya chasisi. Nilipousugua, unga mwekundu ulibaki kwenye kidole, maana kingo za ufa zilikuwa zikisagana kila gari lilipotikisika. Tulirudi Mto wa Mbu mwendo wa polepole sana, mkono ule ukiwa umefungwa kwa minyororo, na tangu siku hiyo sijachora tela lolote bila kuanza na hesabu ya uzito.

Basi anzeni hapo, ninyi wawili, mkiwa na karatasi na kalamu. Lengo langu kwa tela la watu wawili ni kilo 700 likiwa limejaa kila kitu. Kati ya hizo, chasisi, ekseli na magurudumu vichukue kilo 250; bodi yenyewe kilo 170; jiko, makabati, betri na nyaya kilo 80; na zilizobaki, yaani kilo 200, ziwe za maji, gesi, chakula, matandiko na vifaa. Kila kitu mnachotaka kukiongeza kiandikwe uzito wake kabla ya kununuliwa. Chuma cha C cha inchi 4 kina uzito wa kilo 10 hivi kwa kila mita, wakati bomba la mstatili la milimita 75 kwa 50, lenye unene wa milimita 3, lina kilo tano na nusu hivi. Chasisi ya namna yenu inatumia takriban mita 14 za boriti kuu, kwa hiyo tofauti inazidi kilo 60, sawa na tangi zima la maji la lita 60. Aidha, bomba lililofunga pande zote hukataa kujisokota kuliko chuma cha C, na kujisokota ndiko kunakolisumbua zaidi tela linapopita gurudumu moja shimoni na jingine juu ya jiwe.

Kuhusu vipimo, umbo hili limewahudumia watu tangu miaka ya 1930 huko Marekani, na baada ya Vita Kuu ya Pili wengi walilitengeneza wenyewe majumbani. Lilipendwa kwa sababu ni jepesi na linapasua upepo vizuri. Kwa njia zenu upepo si hoja kubwa, kwa hiyo msijitese kutafuta umbo kamili la tone. Kinachofaa zaidi ni kuukata upande wa chini wa nyuma kwa mshazari, ili tela lisikwaruze linapopanda kutoka korongoni.

Kipimo cha msingi mnacho tayari nyumbani: godoro la nne kwa sita. Karatasi ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8, kwa hiyo sakafu ya karatasi moja inalipokea godoro hilo lote na kubakiza futi 2 nyuma kwa ajili ya jiko. Sharti ni moja, nalo husahaulika sana: kuta zisisimame juu ya sakafu, zifungwe ubavuni mwake kwa nje. Zikisimama juu, zinakula sentimita mbili na nusu za upana, na godoro litakunjamana kila usiku. Ikiwa mmoja wenu amezidi urefu wa mita 1.75, miguu yake ipite chini ya kabati la jikoni, jambo ambalo watengenezaji wa zamani walilifanya kwa ustadi: sehemu ya chini ya jiko huachwa wazi upande wa kitandani, na miguu inalala pale ambapo wengine wangeweka sufuria.

Sasa mkono wa kuvutia, ambao ndio ningeutazama kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Tumieni mabomba mawili ya milimita 100 kwa 50, unene wa milimita 4, yanayokutana mbele kwa umbo la herufi A, na yasiishie kwenye boriti ya mbele ya chasisi bali yapite chini yake na kwenda nyuma hadi karibu na vishikizo vya mbele vya springi. Kwa njia hiyo nguvu ya kuvuta inafika kwenye ekseli moja kwa moja. Pale bomba la mkono linapovuka chini ya boriti ya mbele, fundi asichomelee kukatisha upana wa bomba, juu wala chini, kwa sababu huo ndio mshono uliolipasua tela langu. Achomelee ubavuni tu, mshono ufuate urefu wa bomba, na bamba la kuimarisha likihitajika likatwe ncha zake kwa mshazari ili nguvu isikomee ghafla mahali pamoja. Mashimo ya bolti nayo yatobolewe katikati ya ubavu wa bomba, kamwe yasiwe kwenye uso wa juu au wa chini, na ndani ya kila shimo kiwekwe kipande cha bomba dogo ili bolti ikikazwa isiubonyeze ukuta wa bomba.

Urefu wa mkono kutoka mbele ya bodi hadi kwenye kiungo uwe mita 1.5. Mlango wa nyuma wa Prado yako hufunguka kwa pembeni ukiwa na tairi lake, nao unahitaji nafasi. Kabla ya kuchomelea chochote, fungua mlango huo hadi mwisho na uweke alama ya chaki chini, uone hasa sanduku la mbele la tela linaweza kufika wapi. Mkono mrefu pia hulifanya tela litii wakati wa kurudi nyuma. Kuhusu kiungo, tufe la kawaida la milimita 50 linatosha kwa lami na changarawe, lakini kwa makorongo ya Eyasi ningetafuta kiungo kinachozunguka pande zote, ili tela likiinama sana lisilisokote gari, na hata likipinduka lipinduke peke yake. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya mkono.

Mahali pa ekseli panaamua kama tela litafuata gari kwa utulivu au litayumba. Uzito unaolala kwenye tufe uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Kwa kilo 700, mimi huchagua asilimia 12, yaani kilo 84. Ikiwa kutoka tufe hadi ekseli ni mita 2.9, hesabu inaonyesha kwamba kitovu cha uzito lazima kiwe sentimita 35 mbele ya ekseli. Kwa kuwa jiko liko nyuma na linavuta uzito nyuma, tangi la maji liwekwe chini ya sakafu, mbele kidogo ya ekseli, na betri iwe kwenye sanduku la mbele. Msichomelee vishikizo vya springi siku ya kwanza. Vifungeni kwa muda, jengeni bodi, pakieni kila kitu kama mnavyosafiri, kisha egemezeni ncha ya mkono juu ya mizani ya bafuni, tela likiwa limelala sawasawa. Mizani ikisoma chini ya kilo 70, ekseli isogezwe nyuma. Ikisoma zaidi ya 105, isogezwe mbele. Ndipo mchomelee.

Ekseli ya pikapu haina ubaya wowote. Springi zake ndizo tatizo. Ukiondoa kilo zinazobebwa na tufe, kila upande wa tela lenu utabeba kilo 300 hivi, na springi ya tani moja hailioni hata kidogo zigo hilo. Itakaa ngumu kama gogo, na tela litakuwa linaruka badala ya kuelea. Ondoeni mabamba moja moja, mkiacha bamba mama na lile linalolikumbatia, na kila mara pimeni: liinueni tela kwa jeki hadi springi ilegee, pimeni kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chasisi, kisha lishusheni likiwa na mzigo wote na mpime tena. Tofauti ikiwa milimita 60 hadi 80, springi inafanya kazi. Ikiwa 20, ondoeni bamba jingine. Kisha fungeni shokapu mbili, kwa sababu springi laini isiyo na shokapu ina madhara yake. Nimesikia mafundi wengi wakisema tela halihitaji shokapu, na siwezi kukubaliana nao kwa barabara za mawimbi.

Magurudumu yawe sawasawa na ya Prado, yenye nati 6 na kipenyo cha mpangilio cha milimita 139.7, ili tairi la akiba la gari liwe la tela pia. Jambo hili ni rahisi kwenu kwa sababu Hilux nyingi hutumia mpangilio huohuo. Upana kati ya magurudumu nao ulingane na wa gari, ili tela lipite kwenye nyayo zilizokwisha kukanyagwa na gari badala ya kujichimbia zake. Upepo wa matairi ya tela uwe PSI 20 hadi 22 kwenye vumbi. Kijana wa gereji atataka kujaza 40 kwa sababu anaona tairi kubwa. Mwombe aache, maana tairi lililojaa kupita kiasi juu ya tela jepesi linafuta kazi yote mliyoifanya kwenye springi.

Kwa bodi, plaiwudi ya milimita 12 inatosha kwa kuta, na milimita 9 kwa sakafu ikiwa na fremu ya mbao chini yake. Muuzaji akikwambia plaiwudi yake inahimili maji, mwombe kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kisha jaribu kuzifungua tabaka zake kwa kisu. Zikiachana kama kurasa za kitabu, tafuta duka jingine. Ile plaiwudi nyeusi yenye utando laini, inayotumika kumwagia zege, haishiki gundi wala rangi vizuri usoni, kwa hiyo ibaki sakafuni tu. Paa lifanywe kwa tabaka mbili za plaiwudi nyembamba ya milimita 3, zilizokunjwa juu ya mbavu za mbao, katikati yake pakiwekwa povu gumu la kuzuia joto la milimita 25. Bila hiyo, jua la Natron la saa nne asubuhi litawatoa ndani mkitaka msitake. Nje pagandishwe bati jembamba la alumini. Maungio yote yazibwe kwa ile gundi nyeusi ya poliyurethani ambayo mafundi wa vioo vya magari hugandishia vioo vya mbele, kwani hubaki na mnyumbuko miaka mingi, ilhali silikoni ya bafuni huachia kwa mtikisiko.

Bodi isikazwe moja kwa moja juu ya chuma. Kati yake na chasisi pawekwe vipande vya mpira wa tairi chakavu, vya aina ileile ambayo watengenezaji wa makatambuga hukatia soli. Mkiwaendea sokoni watawauzia mpira uliokwisha kuchongwa unene mmoja. Kila sentimita 40 ipite bolti yenye washa pana na nati ya kujifunga.

Vumbi ni adui ambaye watu humdharau hadi alfajiri ya kwanza wanapoamka na midomo yenye ladha ya udongo. Nyuma ya tela linalokwenda kuna hewa hafifu inayozunguka na kuvuta vumbi juu, nalo huingia kwa mlango wa jiko kupitia tundu lolote linalopita karatasi. Tiba yake ina pande mbili. Kwanza, mpira wa mlango uwe wa mistari miwili, na ule wa milango ya magari unaouzwa kwenye vipuri vya mitumba ni bora kuliko sponji ya kubandika. Ujaribuni kwa kipande cha gazeti: kibaneni na mlango, kisha kivuteni, kikitoka bila ukinzani, pale hapajaziba, na mzunguke mlango mzima hivyo, kiganja kwa kiganja. Pili, juu ya paa kwa mbele pawekwe tundu la hewa lenye mfuniko unaoelekea mbele na chujio la sponji, ili mwendo wa gari usukume hewa safi ndani, na hewa hiyo iwe inatoka kwenye nyufa badala ya vumbi kuingia. Hili la pili lilinisaidia kuliko mipira yote niliyowahi kununua.

Tundu hilo halitoshi mnapolala. Chumba chenu kitakuwa na mita za ujazo tatu tu za hewa, na watu wawili ndani yake. Madirisha mawili madogo yenye wavu, moja kila upande, yaachwe wazi kiasi usiku kucha, hata kwa baridi ya Karatu. Na ninaomba hili mlisikie kama mnavyomsikia mzazi: jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, hata likiwa na makaa mawili yaliyofifia, hata kwa dakika kumi za kupasha joto kabla ya kulala. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na mtu aliyelala hainuki kuikimbia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae kwenye sanduku lake la nje, lenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Umeme ni sehemu rahisi. Paneli ya jua ya wati 150 na betri ya lithiamu ya volti 12 yenye uwezo wa Ah 100 vinatosha taa, simu na friji ndogo, mradi fyuzi iwe karibu kabisa na betri na nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki mbali na kingo za chuma.

Kuhusu breki, sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu tela lisilozidi kilo 750 kutokuwa na breki zake, nami hukitumia kipimo hicho kama mwongozo wa busara. Mkivuka hapo, fungeni breki bila mjadala, maana mteremko wa Bonde la Ufa si mahali pa kugundua kwamba gari linasukumwa. Kabla ya kukata chuma cha kwanza, mwende TRA na kwa polisi wa usalama barabarani mkiwa na mchoro wenu, mwulize watakachohitaji ili kulisajili tela lililotengenezwa kienyeji, pamoja na taa, viakisi mwanga na namba. Risiti za ekseli na za chuma zitunzwe zote.

Mkimaliza, mkono wa kuvutia upakwe rangi nyeupe, hata kama tela lote ni la kijani, kwa sababu juu ya nyeupe ufa hujitangaza kwa mstari wa kutu. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 30 za vumbi karibu na nyumbani, tangi likiwa limejaa. Baada ya kilomita 10 simameni, wekeni kiganja kwenye kila habu: ikiwa vuguvugu ni sawa, ikiwa huwezi kuuacha mkono juu yake, beringi imekazwa mno au haina grisi. Kazeni upya nati za magurudumu na za springi, maana springi mpya hujikalisha na nati zake hulegea. Mkirudi, lala chini ya tela na tochi, ufuate kila mshono kutoka kwenye tufe hadi kwenye ekseli, na ukiona rangi imepasuka mahali popote, niandikie kabla hamjaelekea Natron.